Bibi Amegoma, Mkateni Kamba

Mama yangu mzazi aliwahi kunimwagia chupa nzima ya maji yaliyoombewa, kazini kwangu, bosi wangu akiwepo, ili nimwachie bibi yangu roho yake.

Maji yenyewe yalikuwa ya baridi kali. Aliyatoa kwenye friji niliyomnunulia mimi.

Msicheke kwanza. Nianze mwanzo.

Shule niliishia kidato cha nne. Sikufukuzwa, nilimaliza vizuri kabisa, na picha ya kuagana nilipiga. Matokeo ndiyo yaliyokataa kuendelea na mimi. Mama aliyasoma, akayakunja, akayasukuma chini ya godoro kama mtu anayemficha mgeni asiyetakiwa.

Wenzangu wakaenda vyuoni. Mimi nikabaki mtaani, mtaalamu wa kukaa. Niliegemea ukuta wa jirani mpaka rangi ya ukuta ikahamia kwenye shati.

Siku moja nikaona tangazo kwenye mlango wa kampuni ya lifti. Walitaka vijana waliomaliza sekondari, wasioogopa giza wala urefu. Watafundishwa kazini, na watalipwa huku wakifundishwa.

Sehemu ya kulipwa niliisoma mara mbili. Ile ya giza na urefu niliiruka.

Basi nikaingia kwenye ufundi wa lifti. Nikabeba mabegi ya spana, nikashika tochi, nikapakwa grisi mpaka ndani ya masikio. Nikafanya mtihani wa vitendo, nikapewa cheti, na mshahara ukaanza kupanda haraka kuliko lifti zenyewe.

Na mshahara ulistahili. Mtu aliyekwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba hajawahi kumuuliza fundi ana digrii gani. Anauliza umefika wapi.

Shida ilikuwa moja tu. Mama.

Mama alikuwa hataki kabisa kitu kinachoitwa kupanda. Tulipokuwa wadogo, mpira ukitua juu ya paa tunauaga kwa macho, tunarudi ndani. Balbu ikiungua anaitwa jirani, na jirani akipanda kwenye stuli, mama anatoka nje mpaka amalize. Sisi tuliona ni tabia yake tu, kama wengine wasivyopenda paka.

Kwa hiyo aliponiuliza nimepata kazi gani, nikamwambia niko kwenye usafirishaji wa abiria.

Si uongo. Abiria wanaingia, tunawafikisha. Ila hawaendi mbali.

Hela ikaanza kuonekana nyumbani. Friji ikaingia. Godoro likabadilishwa. Mama akawa ananibariki kila ninapotoka mlangoni, na mimi nikawa natembea kifua mbele kama jogoo aliyeambiwa jua linamsubiri yeye.

Mama alibariki. Mama mdogo akachunguza.

Huyu ni mdogo wake mama, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na kama angeajiriwa, angekuwa idara nzima ya upelelezi peke yake. Akawa anauliza maswali kwa sauti ya mtu asiyeuliza. Dereva gani huyu hana leseni? Gari lenyewe mbona halijawahi kupita hapa hata kupiga honi? Na hizo kucha nyeusi, abiria gani wanaacha masizi?

Wakati huohuo bibi yetu, yaani mama yao hao wawili, akaanza kuumwa mguu.

Sasa hapo inabidi niwaeleze jambo la kazini.

Mafundi hatuiti lifti kwa namba. Kulikuwa na moja kwenye jengo la ofisi, ya zamani sana, inakoroma ikipanda na kulalamika ikishuka. Tuliiita Bibi. Lile shimo refu inamopita tunaliita kisima. Vile vyuma vya pembeni vinavyoshika reli ni miguu. Na watu wakikwama ndani, tunasema wako tumboni.

Kwetu ni lugha ya kawaida kabisa. Hata sikuwahi kuisikiliza.

Jumapili nikiwa uani nafua ovaroli, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wetu, tunayemwita Mzee Ngazi kwa sababu ametengeneza lifti maisha yake yote na hapandi hata moja. Ukimuuliza kwa nini, anasema anazifahamu mno.

Upande wa pili wa ukuta mama mdogo alikuwa anaanika nguo. Alichosikia ni hiki:

"Shikamoo mzee. Bibi amegoma tena? Basi watoeni watu tumboni kwanza. Hapana mzee, mimi nilishasema, mguu wa kushoto umekwisha, hata ukimpaka mafuta ni kazi bure. Tusimwonee huruma. Kesho tushuke kisimani, tumkate kamba zote, tumalize. Hela yake si mmeshapokea?"

Nasikia shuka jeupe lilianguka kwenye matope, na mwenyewe hakuinama kuliokota.

Alimfikia mama kabla mimi sijamaliza kusuuza. Akampangia ushahidi mmoja mmoja: shule hana, hela imekuja ghafla, bibi anaumwa mguu, na kesho anakatwa kamba. Mtoto amemtoa bibi yake kafara.

Mguu uliokuwa unamuuma bibi ni wa kulia, lakini upelelezi ukishapamba moto nani anarudi kuangalia mguu?

Kesho yake asubuhi mama alinipa chai bila kunitazama. Nikadhani amelala vibaya. Nikaaga, sikubarikiwa. Nikadhani amesahau.

Kumbe yeye na mama mdogo walinifuata kwa miguu, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule, kama walivyoelekezana.

Mimi huyo nikaingia jengoni. Mlango wa lifti wa chini ulikuwa wazi, tumeweka uzio na bango la kuonya, na mimi nimeshuka kwenye shimo la chini kabisa, kichwa changu kiko usawa wa miguu ya wapita njia. Nikampigia kelele Mzee Ngazi aliye juu kwamba Bibi ameshafungwa, hatikisiki, alete mkasi.

Ndipo nikanyeshewa mvua.

Kugeuka juu, namuona mama na chupa tupu, midomo bado inasali. Nyuma yake mama mdogo ameshika kiatu kimoja mkononi kwa lolote litakalotokea.

"Mwachie mama yetu," mama mdogo akasema. "Umwachie sasa hivi, tukiona."

"Mama yenu nani?"

"Anajifanya hamjui bibi yake," akamwambia mama. "Ndivyo wanavyokuwa."

Walinzi wakaja. Wafanyakazi wa ofisi wakatoa vichwa milangoni. Mzee Ngazi akashuka zake kwa ngazi, taratibu, akawasikiliza wanawake wale wawili mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akagonga bati la lifti kwa kiganja, kama mtu anavyopiga mgongo wa ng'ombe.

"Bibi ni huyu," akasema.

Wanawake wale wawili wakaligeukia lile bati.

Halafu mama mdogo akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na kile kiatu chake. Walinzi wakacheka, mimi na baridi yangu nikacheka. Mama mdogo alipopata pumzi akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua kuna maelezo.

Mama hakucheka.

Alisogea mpaka kwenye uzio. Akatazama chini nilipokuwa. Akainua macho taratibu akafuata zile kamba za chuma, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka kule ambako giza linazimeza.

"Unaingia humo?" akaniuliza.

"Ndiyo mama."

"Na kule juu?"

"Na kule juu."

Akafunga chupa yake tupu, akaiweka kwenye mkoba.

"Bora ungekuwa mchawi," akasema, akaondoka.

Jioni nilikuta nguo zangu kwenye begi, begi liko mlangoni. Jiko halijawashwa. Mama amekaa kwenye kiti cha baba, ambacho huwa hakikaliwi.

Baba, sisi tuliambiwa alikufa kwa homa. Nilikuwa mdogo, nikaamini, sikuwahi kuuliza homa gani.

"Hakukuwa na homa," mama akasema.

Akanieleza bila kulia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. Baba alikuwa kibarua kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa. Kulikuwa na mashine ya kupandishia matofali. Ilikwama, wakaizima, baba akaingia kwenye njia yake kuisafisha. Akaja mwenzake kutoka kula, akaona mashine imezimwa, akaiwasha.

"Hakuwa mtu mbaya. Alikuja msibani, alilia kuliko mimi. Hakujua tu kama kuna mtu."

Nikakaa sakafuni, karibu na begi langu.

"Wadogo zako nimewalea bila wao kupanda hata stuli," akaendelea. "Na wewe ninayekutegemea ndiye unayeshinda humohumo. Sasa chagua. Ukirudi kule, usirudi hapa. Siwezi kukaa kila jioni nikisikiliza geti."

Hapo ndipo nikamweleza habari ya kufuli.

Nikamwambia mama, siku hizi haiwi hivyo. Kule juu kabisa kuna chumba cha mashine, na ukutani kuna swichi kuu. Fundi kabla hajaingia kisimani anaishusha ile swichi, anaibana kwa chuma chenye matundu, kisha anatia kufuli lake mwenyewe kwenye tundu moja. Ufunguo anaingia nao. Wakiwa mafundi wawili, makufuli mawili. Mpaka kila mmoja atoke na afungue la kwake, ile swichi hainyanyuki. Hata bosi haruhusiwi. Hata mwenye jengo.

Mama akanisikiliza.

"Kufuli ni chuma," akasema. "Mtu akiwa na haraka anakata."

"Hawakati, mama."

"Umewahi kuwaona wakiwa na haraka?"

Nikafikiria. Sikuwahi.

Usiku huo nililala palepale mlangoni, begi langu kichwani kama mto, nikijua kabisa kuwa mama hatanii. Nikiacha kazi, narudi kuegemea ukuta. Nikiendelea nayo, sina mama. Nilipima huku na huku, sikuona pa kushika.

Asubuhi nikamkuta amevaa, mkoba begani.

"Twende ukanionyeshe hilo kufuli."

Tulipanda ngazi zote, mimi mbele, yeye nyuma amekamata ukuta, hatazami dirishani. Mzee Ngazi alitupokea mlangoni pa chumba cha mashine. Mama akaonyeshwa swichi. Akaonyeshwa kile chuma cha matundu, na kufuli langu lina picha yangu, na la Mzee Ngazi lina picha yake ya enzi ana nywele.

Aliyatazama kwa muda. Akayavuta. Yakagoma.

"Haya matundu mengine ni ya nani?"

"Ya yeyote mwenye roho yake humo ndani," Mzee Ngazi akajibu.

Mama akatia mkono kwenye mkoba akatoa kufuli.

Nililitambua papo hapo. Lilikuwa kufuli la kabati la sukari, dogo, lina kutu, lililotutesa utoto mzima. Nimelijaribu kwa msumari, kwa pini ya nywele, kwa maombi. Halijawahi kufunguka.

"Mimi ninayo roho humo ndani," akasema.

Nikajua Mzee Ngazi atacheka. Hakucheka. Akasogea pembeni kumpisha. Mama akalibana kwenye tundu la tatu, likalia *ka*, ufunguo akautia kifuani, akasema atarudi baadaye, akashuka.

Tukaingia kazini. Na niwaambie ukweli, siku hiyo tuliitengeneza Bibi kama harusi. Kamba zote mpya, mguu mpya, grisi safi. Alasiri tukamaliza, tukatoka, mzee akafungua lake, mimi nikafungua langu.

Likabaki la sukari.

Na mama hayupo.

Nikampigia simu. Akapokea mama mdogo, akasema simu iko kwenye chaji na mwenyewe hajarudi tangu asubuhi. Nikachungulia dirishani, nikaangalia barabarani huku na huku. Hakuna.

Huku nyuma watu wanaulizana. Bango linasema lifti itakuwa tayari mchana, na mchana umeshapita. Watu wamepanda ngazi tangu jana, magoti yanalia kuliko Bibi. Mara meneja wa jengo akatokea chumba cha mashine, koti begani, tai mfukoni, anahema.

Akaelezwa. Akaliangalia lile kufuli kwa karibu.

"Si mmesema kazi imeisha?"

"Imeisha," Mzee Ngazi akasema.

"Na huyo mama si fundi?"

"Si fundi."

"Basi hicho ni kikufuli cha kabati tu."

Akamtuma mlinzi. Mlinzi akarudi na mkasi wa kukatia vyuma, mipini yake mirefu kama makasia. Meneja akaushika mwenyewe. Hakuwa mtu mkorofi, ila alikuwa na wageni wa maana wanaomsubiri chini, nao hawakuja kupanda mlima.

Mzee Ngazi akavuta sanduku lake la vifaa, akaliweka mbele ya swichi, akalikalia.

"Mzee," meneja akasema kwa upole, "wote tunajua hakuna mtu ndani."

"Kila aliyewahi kuwasha alijua hakuna mtu."

Mzee Ngazi hakuwa anajua lolote kuhusu baba yangu. Sikuwa nimemsimulia.

Lakini sasa na mimi ndiye fundi wa jengo lile. Naona aibu, mama yangu ndiye ameliweka jengo zima mfukoni. Nikajitia ukubwa. Nikasema mzee, yule ni mama yangu, namjua, huenda amepitia sokoni akasahau. Nitamnunulia kufuli jingine. Likateni tu.

Mzee Ngazi alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, hata siku ya matokeo.

"Umemuona kwa macho yako?"

"Hapana, lakini..."

"Basi hujui aliko. Kufuli halisemi ni la mama wa nani. Linasema kuna mtu. Mpaka mwenyewe aje, mimi nimekaa hapa. Mkitaka, nikateni mimi kwanza."

Meneja akautazama mkasi. Akamtazama mzee. Akauegemeza ukutani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akafungua vifungo viwili vya shati.

"Haya," akasema. "Tumsubiri mama."

Tukasubiri.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa kwenye ngazi.

Mama akatokea kwenye kona, hatua chache tu kutoka mlangoni, mkoba begani, mfuko wa karanga mkononi uko nusu. Hakuwa ametoka sokoni. Alikuwa humohumo jengoni tangu asubuhi, na tulipopanda kufungua makufuli, alitufuata nyuma akakaa pale kwenye kona ya ngazi. Mlinzi alipopita mbio na mkasi, alimpisha, akamsalimia.

"Nilitaka nisikie mtasema nini nikiwa sipo," akasema.

Akampa meneja pole ya magoti, na meneja, kwa jinsi alivyochoka, akapokea na karanga. Akamsogelea Mzee Ngazi. Hakumwambia asante. Alimuinamia kidogo, kama anavyowasalimia wakubwa wa ukoo, na mzee akanyanyuka kwenye sanduku lake.

Mama akafungua kufuli. Mzee akanyanyua swichi. Bibi akaguna mara moja, akapanda kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Halafu mama akanigeukia, akanishika sikio, hilohilo lenye grisi.

"Huyu bwana ana wageni wake, simlaumu, si mwanangu," akasema. "Lakini wewe? Nimekueleza jana baba yako alikufaje, leo unasema nikatwe?"

"Kufuli, mama, si wewe."

"Ndiyo hilohilo."

Meneja akaangalia pembeni kwa heshima. Mzee Ngazi hakuangalia pembeni, alikuwa anafurahia.

Akaliachia sikio. Akajipangusa grisi kwenye shati langu, akaanza kushuka ngazi. Kwenye kona akasimama, bila kugeuka.

"Begi lako bado liko mlangoni. Ukirudi, zile nguo zirudishe kabatini mwenyewe. Mimi si mtumishi wako."

Nikajua nimepewa ruhusa.

Sasa nyie wadogo zangu mnaonijazia meseji mkiuliza kama kuna kazi za hela nzuri zisizotaka miaka mingi ya chuo. Zipo. Lifti ipo, kreni ipo, nyaya za umeme zipo, wapo hata wanaochomelea vyuma chini ya maji. Unafundishwa kazini, unalipwa vizuri, na hakuna atakayekuuliza matokeo yako yako wapi.

Lakini wanalipa vizuri kwa sababu, na hiyo sababu ina uzito.

Kwa hiyo usianze kuuliza mshahara. Uliza hivi: siku nitakapokuwa ndani, na kila mtu nje ana haraka, ni nani hapa atakayekaa mbele ya swichi?

Wakikuonyesha mtu, nenda hata kesho. Wakicheka wakakwambia usijali, basi hapo ndipo pa kujali.